Ugonjwa wa Machibya

Magu,
4 Aprili 2024

Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Sisi hapa tupo. Mama mkwe mguu bado unamsumbua. Asubuhi namtoa nje kwa kumshika kwapa, na akishakaa kivulini harudi ndani mpaka nitoke shule. Mpunga umekubali bondeni, ila na ndege nao wamekubali. Darasa langu la tatu limefurika, watoto wengine wanaandikia magotini. Yule kuku uliyetuachia Krismasi tumemla Pasaka, usimuulizie.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza jambo gumu unasema mtandao unasumbua. Barua hii anakuletea Chenge, kondakta wa basi la asubuhi. Mpe yeye huyo huyo majibu.

Queen alikuja Pasaka. Kaka, yule si mtoto niliyekukabidhi mwaka juzi. Mimi nilitaka asome uhasibu, wewe ukasema saikolojia ndiyo yenye ajira, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mwalimu wa chuo na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Sasa amekuja hali, anachezea ugali kwa vidole. Jirani alikuja kuazima chekecheke, akaanza kulia habari za mumewe. Queen alimshika mkono akakaa naye bila kusema neno hata moja, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Yule mama alipoondoka akaniambia, "Mwanao amenisikiliza." Nikashangaa, maana sikumsikia akisema kitu.

Hilo si kitu. Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumatatu ya Pasaka alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Mama, baba aliumwa nini?"

Nikamjibu presha, kama nilivyomjibu siku zote. Akasema, "Aha." Akaendelea kusuuza sahani ile ile.

Mnawafundisha nini huko?

Mdogo wako,
Hellen


Mkuyuni, Mwanza,
25 Aprili 2024

Mdogo wangu Hellen,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Chenge wiki mbili, basi lao lilikufa gia. Wifi yako anakusalimu, amekutafutia kitenge. Maji hapa yanatoka siku yanapotaka. Nasahihisha kazi za wanafunzi mpaka nasinzia, na jana nimelala na viatu.

Pole na mama mkwe. Mwambie nitakuja kumwona.

Unauliza tunawafundisha nini. Muhula huu nawafundisha kukaa na mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake. Labda amefiwa, amebakwa, boti imezama na nduguze, au ameamka hataki tena kuishi. Nawapanga watatu watatu. Mmoja anaigiza mwenye shida, mmoja ndiye mnasihi, wa tatu anatazama tu na kusema alichoona. Ni vijana wazuri kwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Mwenzake akianza kulia, papo hapo anamwambia jikaze, Mungu yupo, mbona kuna wenye makubwa kuliko yako. Nasimama katikati yao nasema: hujaombwa ushauri, kaa naye kwanza. Kwa hiyo huyo uliyemwona na jirani yako alikuwa anafanya kazi, tena kazi ngumu. Nilifurahi kusoma.

Halafu lipo swali ambalo nawalazimisha walitamke kwa sauti: "Je, unafikiria kujiua?" Wanalizunguka, Hellen. Wanasema, "Unawaza kufanya jambo baya?" Wanasema, "Unataka kutuacha?" Nawarudisha mwanzo. Mtu ukimuuliza kwa maneno ya kujificha, atakujibu kwa maneno ya kujificha. Na si kweli kwamba ukimuuliza unampa wazo. Mwenye wazo hilo mara nyingi anashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameliona.

Kuhusu baba yake, Queen amefika umri wa kuwaulizia wafu. Umemjibu, basi. Sioni hatari.

Kaka yako,
Ndalahwa


Magu,
11 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama mkwe anaendelea. Mvua imezidi, bondeni tunaingia kwa kuvua viatu.

Barua yako niliifungulia ofisi ya walimu, nikaikunja haraka kabla mwenzangu hajaliona lile neno. Unaliandika hivi hivi, kama unaandika "ugali"! Kwetu halitamkwi hata kwa adui. Ukilitamka umeliita. Wewe ulizaliwa hapa hapa, au Mwanza imekusahaulisha? Mtu wa namna ile watu hawakai msibani kwake. Anazikwa harakaharaka pembeni, na watoto wake wanaonyeshwa vidole mpaka wanazeeka. Mabinti zake hawaposwi. Hayo unayajua, na bado unawapanga watoto wa watu watatu watatu walitamke kwa zamu.

Mhamishe Queen. Uhasibu, ugavi, chochote chenye makaratasi. Asikae tena kwenye darasa lile.

Na nikukumbushe kwamba mume wangu Machibya alikufa kwa presha. Wewe ulikuwa Dodoma masomoni, hukuona. Ilimpanda asubuhi, mchana hakuwepo. Padri alikuja, misa ikasomwa, watu walikaa msibani mpaka siku ya kuanua matanga. Usije ukamchanganya mtoto kwa mambo ya vitabuni.

Hellen


Mkuyuni,
30 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitenge anacho Chenge, mdai. Wifi yako ana mafua. Mimi mzima, ila nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Sijamhamisha Queen. Si kwa ubishi. Nilimuuliza, akakataa.

Lakini kuna jambo limetokea na ni lazima ulijue, angalau lile lililotokea mbele ya watu wote. Wiki iliyopita zamu ya kuwa mnasihi ilikuwa yake. Mwenye shida aliigizwa na Okeyo, kijana wa Rorya, mpole, ambaye nadhani anampenda Queen ingawa hajamwambia. Okeyo aliigiza mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote. Aliigiza vizuri kupita kiasi. Akafika mahali akasema, "Watoto nimeshawaaga, ila wao hawajui kama nimewaaga."

Hapo ndipo mnasihi anapaswa kuuliza lile swali. Queen alifungua mdomo, akaufunga. Darasa zima likasubiri. Nami nikasubiri, kwa sababu ndivyo ninavyofundisha, kwamba kimya kisiogopwe. Mwishowe Okeyo mwenyewe akaacha kuigiza, akamwambia taratibu, "Queen, basi. Tuishie hapa." Queen akainuka akatoka, sandali zake zikabaki chini ya dawati.

Kesho yake alinifuata ofisini. Alianza kuongea akiniita mwalimu, akamaliza akiniita mjomba. Alichosema kati ya hayo mawili sikuandikii.

Nilimuuliza lile swali usilolitaka, kwa maneno yake yenyewe. Akasema hapana, amechoka tu. Nilimwamini nusu. Na kwa kuwa mjomba hawezi kuwa mnasihi wa mpwa wake, nimempeleka kwa Bi Akelo, mnasihi wa chuo, mama mzima mwenye masikio. Wameshakutana.

Usiniulize alisema nini. Darasani tuna kanuni, la mtu ni la mtu mpaka maisha yawe hatarini. Ila mimi nina la kukuuliza wewe. Machibya aliumwa muda gani kabla presha haijampanda? Alipimwa wapi?

Ndalahwa


Magu,
14 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Mpunga tumeanza kuvuna. Mama mkwe uvimbe wa mguu umepungua. Shule tumefunga. Kitenge kimefika, mshukuru wifi, rangi yake nzuri. Mwambie Queen nyumbani kuna mchele mpya.

Swali lako nimeliona.

Hellen


Mkuyuni,
8 Julai 2024

Mdogo wangu Hellen,

Natanguliza marahaba, ingawa wiki iliyopita tulipoonana hukunisalimia, na sikukulaumu. Nimefika salama. Asante kwa mchele na samaki sato. Wifi yako amesema mchele wa Magu hauhitaji mboga.

Naandika yale ambayo hatukuweza kusema tukiwa tumekaa sebuleni kwako, mama mkwe katikati yetu, tukiongelea bei ya pamba.

Nataka ujue kwanza kwa nini nilikuja mbio. Jumatatu ile Okeyo aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. "Mwalimu, Queen haonekani tangu Ijumaa. Simu imezimwa." Tukaenda chumbani kwake Mabatini. Mwenye nyumba akasema Queen amefagia chumba, ameaga vizuri, na jiko lake na ndoo amempa binti wa chumba cha pili. "Amesema havihitaji tena," akasema yule mama, akicheka, akidhani Queen amepata mchumba.

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu maana ya mtu kugawa vitu vyake. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza. Okeyo ndiye aliyeichukua simu yangu akakupigia. Ulisema maneno mawili, "Yuko hapa," ukakata. Nilisikia kama nimetua gunia. Lakini niliona ni lazima nimwone kwa macho yangu.

Ulijua kwamba nilipoaga Queen alinisindikiza barabarani. Hukujua tulichoongea. Nilimuuliza tena lile lile. Akanijibu, "Leo hapana, mjomba. Wiki iliyopita, ndiyo."

Nikamuuliza, "Nini kilikuleta nyumbani badala yake?"

"Nilitaka kumwona mama kwanza. Nilipomwona anapepeta mpunga, nikaona nisubiri."

Nikamwambia hilo siwezi kulibeba kama siri, mama yake lazima ajue. Akatazama barabara mpaka lori la pamba likapita. Akasema, "Mwambie hilo. Mengine nitamwambia mwenyewe akiniuliza."

Ndipo nikarudi nikakuita nyuma ya nyumba. Ulinisikiliza ukiwa umeshika sufuria. Ukasema, "Basi la mwisho litakuacha." Nimelifikiria neno hilo njia nzima, na nadhani hukuwa unanifukuza. Ulikuwa unatafuta kitu cha kusema.

Sasa narudia niliyokuambia pale, maana najua nusu hukuyasikia. Asibaki peke yake nyumbani. Zile dawa za pamba zihamie kwa jirani leo hii, usingoje kesho. Bi Akelo atampigia kila jioni, wameelewana. Kituo cha afya hapo Magu kuna daktari ambaye Bi Akelo ameongea naye, mpeleke. Chuoni nimeshaomba ruhusa, masomo hayakimbii.

Na la mwisho. Mimi nimeacha kukuuliza kuhusu Machibya. Sikuombi uniambie mimi. Lakini Queen muulize, na akikujibu usikimbilie jikoni. Usimpe ushauri. Usimwambie Mungu yupo, analijua hilo. Kaa.

Nimefundisha kazi hii miaka mingi na sijui namna ya kuifanya kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Ijumaa niliingia darasani, wote wakawa wanatazama kiti chake. Nikawaambia wafungue madaftari.

Nipigie usiku au mchana. Nitapokea, hata mtandao ukisumbua.

Kaka yako,
Ndalahwa


Magu,
29 Julai 2024

Kaka yangu Ndalahwa,

Shikamoo. Shikamoo na ya siku ile, ambayo sikukupa.

Umepiga mara nyingi nami nimekujibu "tuko salama" tu. Ni kweli tuko salama, ila lililotokea halikai kwenye simu. Nimeanza barua hii mara tatu.

Dawa za pamba zilitoka jioni ile ile. Jirani aliuliza kwa nini, nikamwambia panya wanatoboa makopo. Nimezoea kudanganya kaka, uongo unanijia bila hata kuuita.

Siku za kwanza sikumuuliza. Nilimpikia. Nilimsuka nywele. Nililala naye kitanda kimoja nikimsikiliza anavyopumua, kama nilivyofanya alipokuwa mchanga.

Jumapili moja tumetoka kanisani. Alikuwa anageuza mpunga kwenye mikeka nje, mimi nimekaa barazani nachambua mchicha. Mama mkwe yuko ndani kitandani, mlango wazi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Queen, bado unafikiria kujiua?" Nilisema hivyo hivyo, kama ulivyoandika. Mkono wangu ulikuwa umebana mchicha mpaka ukatoa maji.

Hakushtuka. Aliweka chini reki, akaja akakaa karibu nami. Akasema, "Yanakuja na kuondoka, mama. Leo yako mbali kidogo."

Nikataka kusema Mungu yupo. Nikataka kwenda kuweka chumvi kwenye chungu ambacho sijakiinjika. Nikakaa.

Tulikaa hivyo. Kisha nikasema, "Baba yako hakufa kwa presha."

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza nani amemwambia. Nilidhani ni wewe, nisamehe. Akasema hakuna. Siku ile walirudishwa mapema kutoka shule, mimi sikujua. Alikuta watu uani, akaogopa, akajificha nyuma ya ghala. "Nikawasikia wewe na babu," akasema, maana yake baba mdogo wa Machibya, yule aliyefariki mwaka juzi. "Mlikuwa mnachagua ugonjwa. Babu alisema malaria. Wewe ukasema malaria haiui mtu kwa asubuhi moja, padri atauliza. Halafu wewe ukasema presha."

Kaka, alikuwa na miaka tisa. Miaka yote hii nikimwambia presha, anajibu "Aha", mimi nikifikiri ninamkinga. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananikinga. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Niliogopa nikisema, na wewe utakufa."

Akaniambia na mengine. Kwamba tangu utotoni amekuwa akijichunguza kama na yeye ana "kitu cha baba". Kwamba alikubali kusoma kozi yako ili ajue kama kinarithiwa. Kwamba siku ile darasani yule kijana aliposema amewaaga watoto bila wao kujua, alikumbuka baba yake alivyomfunga kamba za viatu asubuhi ile, na alikuwa hajawahi kumfunga. Alilia. Nami nikalia, na nilikuwa sijalia tangu maziko, maana mtu wa presha analiliwa kwa kiasi.

Hapo ndipo tukasikia sauti kutoka ndani. Mama mkwe alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Presha ninayo mimi. Mwanangu hakuwa na presha."

Tukaingia. Alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, anataka kutoka. Tukamshika huku na huku, tukamkalisha kwenye mkeka kivulini. Akasema, "Asubuhi ile alinisalimia mara mbili. Nikamwambia, umeshanisalimia mwanangu, umesahau? Akacheka." Kisha akanigeukia. "Nilijua siku ile ile. Nilinyamaza kwa ajili yako, nikasema wewe ni kijana, utaolewa tena. Hukuolewa, nami nikawa nimeshanyamaza."

Watu watatu katika nyumba moja. Kila mmoja anamfunika mwenzake blanketi lile lile, na wote tunaona baridi.

Sasa habari za Queen, najua ndizo unazozisubiri. Kituo cha afya tumekwenda, daktari ameongea naye peke yake kwa muda mrefu, tena tunarudi. Bi Akelo anapiga kila jioni na siku hizi namsikia Queen akicheka kidogo kwenye simu. Namuuliza kila siku. Siku nyingine anajibu hapana. Siku nyingine anajibu "kidogo", na siku hiyo sitoki nyumbani, mwalimu mkuu nimemwambia nina mgonjwa, na kwa mara ya kwanza si uongo. Anasema atarudi chuoni mwaka mpya wa masomo ukianza, arudie somo lile. Kama atakuwa mnasihi au hatakuwa, hajui. Sikumlazimisha ajue. Okeyo alikuja na basi la Chenge, akakaa saa nzima akipukuchua mahindi na mama mkwe, akaondoka bila kusema alichokuja kufanya. Mama mkwe amempenda.

Nimeenda pia kwa padri. Nilimweleza yote, nikitegemea anifukuze. Aliniuliza tu jina la ubatizo la Machibya, akasema atamtaja kwenye misa ya Jumapili. Watu wa hapa bado hawajui. Siku moja watajua, na vidole vitanyooshwa. Nimechoka sana kuviogopa.

Sijakuambia ilivyoisha ile Jumapili. Tulipomaliza kusema, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinuka. Mama mkwe alijilaza pale pale kwenye mkeka, Queen akaweka kichwa kwenye mapaja yake, nami nikajinyoosha pembeni yao, jua likiwa bado liko juu, mchicha haujapikwa. Tukalala wote watatu, usingizi wa watu waliotoka kulima. Tulipoamka, mbuzi wa jirani walikuwa wamejaa kwenye mikeka yetu wanakula mpunga. Tulikaa tukawatazama. Hakuna aliyewafukuza.

Mdogo wako,
Hellen